Je, Wajua? "Juu" Katika Nchi ya Chai

Waingereza hujivunia neno lao up: herufi mbili, maana chungu nzima. Kiswahili nacho kina juu, neno la herufi tatu ambalo halijapewa sifa zinazolistahili. Pahali pazuri pa kulipima ni Kericho na Bomet, ambako ardhi, mvua, majani, bei na hata hasira za watu huenda juu na chini kutwa. Twende.

NENO LENYEWE

Je, wajua kwamba "juu" ni ndugu wa mbingu? Waganda huita mbingu eggulu. Kwa Wakikuyu, igũrũ ni juu na ni mbinguni pia. Kwa Wazulu, izulu ni mbingu, na jina la taifa lao latokana na hilo: watu wa mbingu. Kiswahili kiliidondosha sauti ya katikati, zikabaki u mbili zikifuatana. Ndivyo ilivyokuwa kwa mguu, ambao Waganda huuita okugulu. Ukifika Lamu utawasikia wenyeji wakisema yuu.

Je, wajua kwamba neno hili moja hutumika kwa kazi kadhaa za sarufi? "Kikapu kiko juu ya meza" ni mahali. "Wakulima walizungumza juu ya bonasi" ni habari inayozungumzwa. "Juu ya hayo, mbolea ilichelewa" ni nyongeza. "Hatukuchuma jana juu ya mvua" ni sababu.

Je, wajua kwamba vijana wa Kenya wameikata hiyo sababu ikawa fupi zaidi? "Sikuja juu mvua ilinyesha." Hakuna "ya", hakuna "kwa sababu". Mwalimu wa insha ataikata kwa kalamu nyekundu, lakini ndani ya matatu ya kwenda Litein au Sotik kila abiria ataielewa.

Je, wajua kwamba neno hili likirudiwa huporomoka thamani? Juu ni pazuri, lakini juujuu ni bila kina. Aliyesoma juujuu hakuelewa, na aliyepalilia juujuu ameacha mizizi ya magugu ardhini. Kazi moja tu hapa haina budi kufanywa juujuu, nayo ni kuchuma chai: ncha tu ndizo zitakiwazo, na anayezama ndani ya kichaka akachomoa majani makuu huambiwa kituoni kwamba mzigo wake haufai.

Je, wajua kwamba hasira nayo hupanda? Kumjia mtu juu ni kumkaripia. Mwenye wasiwasi hukaa roho juu. Anayehangaika kufanikisha jambo hufanya juu chini, kama mzazi anayetafuta karo mwezi wa Januari. Bidhaa iliyopita bila kutua pahali imekwenda juu kwa juu. Aliyeishiwa na pesa yuko juu ya mawe. Aliyefanya vizuri hupongezwa kwa maneno mawili: "Uko juu!"

Je, wajua kwamba "juu" ikivaa ma- huvuka bahari? Kwa Wakenya, majuu ni Ulaya na Marekani. Lakini mteja mkubwa wa chai ya Kenya hayuko huko. Kwa miaka mingi Pakistan ndiyo iliyoongoza kwa kununua, na Misri imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa pia. Chai ya Kericho hulipiwa zaidi na watu ambao hakuna anayewaita wa majuu.

ARDHI

Je, wajua kwamba chai ya Kenya hulimwa kati ya mita 1,500 na 2,700 juu ya usawa wa bahari? Mji wa Kericho uko kwenye mita 2,000 na ushei. Ziwa Victoria liko kwenye mita 1,134. Kwa kuwa joto hupungua takriban nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda, safari ya kilomita kama 80 kutoka Kisumu hadi Kericho inatosha kumvalisha abiria sweta.

Je, wajua kwamba baridi hiyo ndiyo mali yenyewe? Mahali palipo juu, chipukizi hukua polepole, na jani lililokua polepole hukusanya ladha na harufu. Wanunuzi wa Mombasa huulizia chai ya nyanda za juu kwa sababu hiyo.

Je, wajua kwamba maji ya chai Kericho huchemka kabla ya nyuzi 100? Hewa ya juu ni nyepesi na haiyakandamizi sana maji, kwa hiyo huanza kuchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi. Mpishi wa Mombasa ana maji ya moto zaidi kwenye sufuria yake kuliko mpishi anayeishi katikati ya mashamba ya chai. Ndiyo sababu maharagwe nayo huchelewa kuiva huku.

Je, wajua kwamba Wakalenjin, wakiwemo Wakipsigis wenye nchi hii, wana maneno yao ya juu na chini ya ardhi? Nchi ya juu, yenye baridi na msitu, ni mosop. Nchi ya chini, yenye joto na tambarare, ni soi. Neno la pili limo mpaka kwenye ramani ya serikali: eneo bunge la Soin/Sigowet liko upande wa Kericho unaoteremka kuelekea nchi ya miwa ya Muhoroni. Ukishuka toka mosop hadi soi, chai hukoma na miwa huanza.

Je, wajua kwamba mashariki kwa Kikipsigis ni kong'asis? Ndani yake mna asis, jua, ambalo pia ndilo jina la Mungu katika imani ya jadi. Leo Kongasis ni jina la wadi katika eneo bunge la Chepalungu, Bomet. Kila anayepiga kura pale hutaja jua.

Je, wajua kwamba "nyanda za juu" lilikuwa pia jina la dhuluma? Wakoloni walizitenga nyanda za juu zenye rutuba kwa ajili ya walowezi weupe, na ardhi ya Wakipsigis ilimegwa ili kupata mashamba. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwang'oa watu wa ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ikawashusha hadi Gwassi kando ya Ziwa Victoria. Watu wa mosop walitupwa kwenye joto na maradhi ya bondeni. Wazao wao wangali wanadai haki hadi leo, na wanastahili kusikilizwa.

MAWINGUNI

Je, wajua mvua ya alasiri ya Kericho hutoka wapi? Mchana upepo wenye unyevu huvuma kutoka Ziwa Victoria kuelekea mashariki. Ukifika kwenye miteremko ya Mau hukutana na upepo wa mashariki, ukakosa njia ila kwenda juu. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa hutoa maji. Mchumaji mzoefu hutazama upande wa ziwa kabla ya kuamua kama ataongeza mstari mwingine.

Je, wajua kwamba Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, siku zaidi ya 50 kwa mwaka? Iko karibu na ikweta, penye joto la kusukuma mawingu juu kwa nguvu, na iko juu kiasi kwamba barafu haina safari ndefu ya kuyeyuka kabla ya kugonga jani. Dakika chache hutosha kuchanachana mavuno ya wiki mbili.

Je, wajua kwamba watu walijaribu kupigana na mawe hayo hukohuko juu? Katika miaka ya 1960, ndege zilirushwa juu ya mashamba ya Kericho kutawanya iodaidi ya fedha ndani ya mawingu. Nia ilikuwa kuyafanya mawe yawe mengi na madogo, yayeyuke njiani, badala ya machache makubwa.

Je, wajua kwamba kwa baridi ya usiku hatari iko chini? Usiku usio na mawingu, hasa Januari na Februari, hewa baridi huwa nzito, huteremka na kutuama mabondeni. Asubuhi chai ya bondeni huamka imeungua kwa jalidi, ilhali ya jirani aliye juu kidogo kwenye mteremko ni ya kijani kibichi. Mkulima mwenye busara huliacha bonde kabisa kwa miti mingine au malisho.

Je, wajua kwamba mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, jua la adhuhuri husimama karibu kabisa na utosi wa mtu wa Kericho na Bomet? Ni kwa sababu maeneo haya yako chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta. Kivuli hujikunja miguuni. Juni jua huegemea kaskazini, Desemba huegemea kusini.

SHAMBANI

Je, wajua kwamba "kupanda" ni kutia mche ardhini na pia ni kwenda juu? Mkulima hupanda chai, hupanda mlima kuifikia, hupanda matatu kwenda mjini, na huomba bei ipande. Vitendo vinne, neno moja.

Je, wajua kwamba mmea wa chai ni mti? Ukiachwa bila kukatwa hupita mita kumi. Unauona ukiishia kiunoni kwa sababu mikono ya watu huuzuia kila wiki. Kule juu panapochumwa huitwa meza, na mchumaji hulaza fito juu yake ili ajue usawa: kinachochomoza juu ya fito huchumwa, kilicho chini huachwa kiulishe mmea.

Je, wajua kipimo cha jani zuri? Majani mawili na kitumba kimoja, vyote vya nchani. Mchumaji hurudi kwenye mstari uleule kila baada ya siku saba hadi kumi na nne, kulingana na mvua. Akichelewa, majani hukomaa, na ladha huondoka.

Je, wajua kwamba meza ya chai hupanda mwaka baada ya mwaka hadi mchumaji mfupi asiifikie? Hapo mmea hupogolewa, kila baada ya miaka mitatu au minne hivi. Mkato mpya huwekwa sentimita tano hivi juu ya ule wa zamani. Shamba lililopogolewa huonekana kama limekufa, na mgeni huhurumia. Mwenyeji hutulia, kwa sababu anajua majani mapya yatatoka kwa nguvu.

Je, wajua kwamba kuna chai ya zambarau? Taasisi ya utafiti wa chai iliyoko Kericho ilitoa aina hiyo, TRFK 306, kwa wakulima mwaka 2011 baada ya utafiti wa miaka mingi. Rangi ya majani hutokana na kemikali zilezile zinazotia rangi zabibu nyeusi.

MITONI

Je, wajua kwamba Msitu wa Mau, ulioinuka nyuma ya mashamba ya chai, hugawa maji pande nyingi? Sondu na Mara huenda Ziwa Victoria. Mto Njoro huenda Nakuru, Mto Molo huenda Baringo, na Ewaso Ng'iro wa kusini huenda Natron. Tone likianguka hatua chache tu huku au kule huishia ziwa jingine kabisa.

Je, wajua kwamba nyumbu wa Maasai Mara na Serengeti hunywa maji ya nchi ya chai? Nyangores na Amala hushuka kutoka Mau, huungana na kuwa Mto Mara, ambao husafiri kilomita 395 hivi hadi Ziwa Victoria upande wa Tanzania, karibu na Musoma. Nyangores hupita Bomet, na maporomoko yake huipa umeme Hospitali ya Tenwek. Kwenye Sondu, mtambo wa Sondu-Miriu una uwezo wa megawati 60. Maji yakishuka, taa huwaka juu darini.

Je, wajua kwamba maji ya Kericho hushuka kwa kwenda juu? Kutoka Ziwa Victoria hupita Jinja, yakawa Nile, yakaelekea kaskazini hadi Bahari ya Mediterania. Kwenye ramani ya ukutani huonekana yakipanda, ilhali yanateremka safari nzima. Wamisri hufuata mto, hawafuati ramani, ndiyo maana Misri ya Juu iko kusini mwa nchi yao, na Misri ya Chini iko kaskazini penye bahari.

Je, wajua kwamba kaskazini haikuwa juu ya ramani siku zote? Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi alikamilisha ramani maarufu ya dunia akaweka kusini juu. Kwenye ramani hiyo pwani yetu iko sehemu ya juu na Ulaya iko chini. Juu ya karatasi ni uamuzi wa mchoraji.

KIWANDANI NA SOKONI

Je, wajua kwamba kilo moja ya chai iliyo tayari huhitaji takriban kilo nne na nusu za majani mabichi? Kinachosalia ni maji yaliyokwenda hewani. Harufu unayoipata ukipita kiwandani, iwe Kapkoros au Momul, ni jasho la majani hayo.

Je, wajua kwamba kiwandani kinachobaki juu sicho kinachouzwa kwa wingi? Chai kavu hupita kwenye chekecheke za ngazi. Chembe kubwa, BP1, hubaki juu. Ndogo zaidi, PF1, PD na D1, hushuka hatua kwa hatua. PF1, iliyoshuka, ndiyo nyingi kuliko zote, na ndiyo iliyo kwenye vikombe vingi vya chai ya maziwa.

Je, wajua kwamba chai ya mlimani hupata bei baharini? Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Gunia la Kericho husafiri zaidi ya kilomita 700, likianza kwa kupanda Mau, kisha likashuka hadi usawa wa bahari. Huko hukutana na chai ya Uganda, Rwanda na nchi nyingine, na nyundo ya mnada huamua karo ya mtoto wa Konoin, kule Bomet.

Je, wajua kwamba bonasi nayo ina dira? Wakulima wadogo wanaouza majani kwa viwanda vilivyo chini ya KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1964, hulipwa kila mwezi, kisha hupata malipo ya mwisho wa mwaka wa chai. Kwa miaka kadhaa, malipo ya mashariki mwa Bonde la Ufa yamekuwa juu kuliko ya magharibi, ziliko Kericho na Bomet. Jambo hili limezua maandamano na maswali ya haki, na mkulima aliyeamka alfajiri anastahili jibu kamili, lenye hesabu zilizo wazi.

Je, wajua maneno matamu kuliko yote katika hoteli ndogo za Kericho? "Chai iko juu yangu." Kikombe kiko juu ya meza, gharama iko juu ya msemaji.

WATU

Je, wajua kwamba Mkenya wa kwanza kupata medali ya Olimpiki alitoka Kericho? Ni Wilson Kiprugut arap Chumo, aliyetwaa shaba katika mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Miaka minne baadaye alipata fedha katika mbio hizohizo mjini Mexico City, mji ulio mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Wakimbiaji wengi wa nchi za tambarare walihema huko, lakini Kiprugut alikuwa amezaliwa penye hewa kama hiyo. Jukwaani alipanda juu mara mbili, na nchi nzima ikapanda pamoja naye.

Je, wajua kwamba neno hili liliwahi kuwa wimbo wa utawala? Chama cha KANU, chenye alama ya jogoo, kilikuwa na mwito uliojulikana kila kijiji: "Jogoo!" na umati hujibu, "Juu!" huku kidole kimoja kikipungwa. Upinzani wa FORD ulipokuja mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukainua viwili. Mwaka 2002 KANU ilishindwa kwenye uchaguzi, na wazee wakakumbushana methali: aliye juu mngoje chini.

Je, wajua kwamba Kiswahili huutamka wajibu kwa neno hilihili? "Ni juu yako" ni kusema mzigo umebebwa na wewe. Basi tuugawe. Kuulinda Msitu wa Mau, unaoleta mvua, ni juu ya serikali na juu ya kila anayeishi ukingoni mwake. Kumlipa mchumaji na mkulima mdogo kwa haki ni juu ya viwanda, madalali na wanunuzi. Kuwafundisha watoto mosop, soi na kong'asis, pamoja na juu yenye maana zake zote, ni juu ya wazazi na walimu. Na kuuliza bei ikipanda, "Imepanda kwa faida ya nani?", ni juu yetu sote tunaokunywa chai.